Jogoo anapanda vizuri, makende mazima, mayai hayana kitu. Kasoro ipo wapi ndani ya jogoo?

#1 Jimbi la Pongwe

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaomjua kuku kwa ndani, maana kwa nje nimemaliza.

Nafuga Pongwe, hapa hapa Tanga, kuku wa kienyeji niliowachanganya na kuchi. Majogoo nilikuwa nao wawili. Mkubwa alikuwa hodari kwelikweli, anapanda tangu alfajiri, majike wote wamenyonyoka migongo. Mayai napeleka kwa mwenye mashine Ngamiani. Akimulika siku ya saba, mengi meupe peee, hata mshipa hamna. Nimevumilia tangu kaskazi ianze, mwisho nikaona huyu ananimalizia pumba bure. Nikamchinja.

Nilipompasua nikatoa utumbo wote, nikaangalia mgongoni, pale nyuma ya mapafu juu ya figo. Makende yapo yote mawili, meupe, makubwa, la kushoto limelizidi la kulia kidogo. Hayana uvimbe wala doa. Sasa kama makende ni mazima na jogoo anapanda, mbegu zinapotelea wapi?

#2 Mtoto wa Makorora

Mkuu umemuua shahidi ndipo unafungua kesi. Supu ilikuwa tamu lakini?

#3 Fundi Mashine

Mleta uzi, mimi natotolesha mayai ya watu kila wiki. Usianze na jogoo kabla hujamalizana na yai.

Yai jeupe siku ya saba si lazima liwe lilikosa mbegu. Kijusi kikifa siku ya kwanza au ya pili, ukimulika unaona weupe uleule, hasa ganda likiwa la kahawia na tochi yenyewe ya simu. Chukua mayai yaliyotagwa leo, yavunje kwenye sahani. Juu ya kiini kuna doa. Yai lisilo na mbegu, doa lake ni dogo, jeupe zito, kingo zimechanika-chanika. Lenye mbegu, doa ni pana zaidi na la mviringo: katikati pamekuwa angavu, pembeni imezunguka pete nyeupe. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Na mayai unayaweka wapi kabla ya kuyaleta mjini? Yakizidi wiki ndani ya chumba chenye joto, usimlaumu jogoo.

#4 Mzee wa Raskazone

Vijana mnazunguka tu. Joto hilo. Dume yeyote kende zake zinataka ubaridi, ndiyo maana za beberu zinaning'inia. Za jogoo zimefungiwa ndani ya mwili, na mwaka huu kaskazi ilivyowaka, banda la bati, zimeiva zikiwa ndani. Subiri kusi iingie, mayai yatatotolewa yenyewe.

#5 Hadubini Moro

Shikamoo mzee. Kwa beberu ni kweli, kwa ndege hapana. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 mpaka 42, na mbegu zake zinatengenezwa humohumo. Zamani ilidhaniwa kwamba mifuko ya hewa iliyo jirani na kende ndiyo inayozipooza. Walipopima hawakukuta ubaridi wa maana. Wengine wakasema seli zinagawanyika zaidi usiku, joto la mwili linaposhuka kidogo. Mjadala huo ni wa miaka mingi. Lakini kuku hazuiliki: kutoka seli mama mpaka mbegu kamili anatumia takriban wiki mbili, wakati binadamu anapita miezi miwili.

Joto kali la nje linamdhuru jogoo, hilo sikatai. Anapunguza kula, manii yanapungua ubora. Ila kusema "zimeiva kwa sababu zipo ndani" si hoja, zipo ndani kwa kila jogoo duniani.

Mleta uzi, umeangalia kende. Njia uliiangalia? Kando ya figo, kila upande, unashuka uzi mwembamba uliojipindapinda mpaka karibu na tundu la nyuma. Ule ni mrija wa manii. Ulikuwa mweupe umejaa, au mwembamba unapitisha mwanga?

#6 Jimbi la Pongwe

Marahaba mnanifumbua macho. Mzoga niliupiga picha kabla sijauosha. Nimeikuza sasa hivi: wa kushoto ni mweupe, umejipinda sana, unaonekana wazi. Wa kulia naona kitu chembamba tu, rangi ya nyama. Nilidhani ni mshipa.

@Fundi Mashine mayai nakusanya kwenye kikapu jikoni. Mke wangu anapikia kuni.

#7 Fundi Mashine

Jikoni!! Haya, nimepumzika.

#8 Mtoto wa Makorora

Mayai yameanza kuchemshwa kabla ya kununuliwa 😂

#9 Bibi wa Chumbageni

Msimcheke, mayai ya bibi zetu yote yalikaa kwenye kikapu jikoni na vifaranga vilijaa uwanja. Mwanangu Jimbi, jogoo mmoja alikuwa na majike wangapi? Wakizidi kumi anachoka hata awe kuchi.

#10 Hadubini Moro

Shikamoo bibi. Hiyo picha ya Jimbi imenikosesha usingizi, naomba niandike kirefu, maana hapa ndipo watu wengi wanaporuka. Nilisoma sehemu hii chuoni, nikakaa na slaidi za jogoo muhula mzima.

Kende ya ndege ukiikata ukaiweka kwenye hadubini, jambo la kwanza ni kwamba haina vyumba. Ya fahali imegawanywa na kuta za tishu ngumu. Ya jogoo vijirija vyake vinaungana huku na huku mfululizo, ukitafuta kimoja kinaanzia wapi huoni. Ndani ya kila kijirija, seli mama zimekaa ukutani. Ukielekea katikati unakutana na hatua zinazofuata, na karibu na uwazi unaziona mbegu zilizokomaa zimesimama mafungu mafungu, vichwa vimechomekwa kwenye seli za Sertoli. Hizo ndizo zinazozilea. Jina ni la Mtaliano, Enrico Sertoli, aliyezieleza mwaka 1865. Kwenye nafasi finyu kati ya kijirija na kijirija zipo seli za Leydig, zinazotoa homoni ya dume.

Sasa mbegu zikiachiwa, zinaingia kwenye wavu wa vijia unaoitwa reti, upande wa kende unaoelekea uti wa mgongo. Kutoka kwenye reti zinaingia vijirija vya kutolea. Hapa ndipo pazuri kuliko pote. Vile vya mwanzo uwazi wake ni mpana, na ukuta wake umejikunja mikunjo mirefu inayochomoza ndani. Juu ya mikunjo kuna seli zenye silia, zile nywele ndogo zinazopunga, zimechanganyika na seli zisizo nazo. Ukiitazama kwa lenzi ndogo unaitambua mara moja, hakuna sehemu nyingine ya jogoo inayofanana nayo. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji. Mbegu zinatoka kwenye kende zikielea kwenye maji mengi, na hayo karibu yote yananyonywa hapo. Ndiyo maana manii ya jogoo ni kidogo, mara nyingi hata nusu mililita hayafiki, lakini mililita moja ina mbegu bilioni kadhaa.

Baada ya hapo vinafuata vijirija vya kuunganishia, halafu mrija wa epididimisi, mfupi, halafu mrija wa manii. Epididimisi ya beberu ina kichwa, kiwiliwili na mkia. Ya jogoo haina hayo. Ni kipande kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa kende, na sehemu yake kubwa ni vile vijirija vya kutolea. Ukimchinja jogoo bila kujua, unakipita.

Safari yote, kende mpaka mwisho wa mrija, ni siku moja hadi nne. Mbegu zinasubiri kwenye ule mrija uliojipinda, ndiyo maana jogoo mzima wake unakuwa mweupe. Wa kulia wa Jimbi ulikuwa mtupu. Kwa hiyo mimi nasema upande wa kulia kuna kizuizi kati ya kende na mrija, kwenye kile kipande ambacho hatukukitazama.

#11 Mnazi Mrefu

Hadubini umetisha mkuu, uzi huu nauhifadhi. Swali: je, tezi dume ya jogoo ipo wapi? Babu yangu alikuwa akisema jogoo mzee naye anaumwa tezi.

#12 Hadubini Moro

Hana. Ndege hawana tezi dume wala vifuko vya shahawa. Kuna maji angavu kama limfu yanayoongezeka wakati wa kupanda, yanatoka kwenye mikunjo ya kloaka, yaani lile tundu la nyuma. Mengine yote yanatoka kende na njia yake.

#13 Daktari wa Muheza

Nimefika sasa. Hadubini, maelezo safi, hitimisho lina haraka.

Kwanza, mrija mtupu upande mmoja hautoshi kueleza mayai mengi matupu namna hiyo. Wa kushoto ulikuwa umejaa, na upande mmoja mzima unatosha kutungisha.

Pili, kizuizi kama kipo, kuna jambo limeandikwa. Mwaka 2002 watafiti wa Brazili walieleza majogoo wenye uzazi hafifu waliokutwa na vijiwe vya kalisi ndani ya vijirija vya kutolea. Hapohapo Hadubini alipopasifia. Silia zinapotea, mikunjo inaharibika, maji hayanyonywi vizuri, na kende nazo zinadhurika. Njia ikiziba, maji hurudi nyuma, kende huvimba kwanza, baadaye ndiyo husinyaa. Kwa hiyo kende kubwa ya Jimbi inaweza kuwa dalili ya ugonjwa, siyo ya afya.

Jimbi, majogoo ulikuwa unawalisha nini?

#14 Jimbi la Pongwe

Daktari, wanakula pamoja na majike. Nikipata hela nanunua chakula cha kuku wa mayai, nachanganya na pumba, dagaa na konokono waliosagwa. Duka lilinihakikishia kinafaa kwa wote.

#15 Daktari wa Muheza

Basi tazama. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi kama asilimia 3.5 mpaka 4, kwa sababu ganda la yai ni kalisi. Jogoo hatagi. Asilimia 1 au pungufu inamtosha. Umemlisha mara tatu au nne ya haja yake, na konokono juu. Sisemi ndicho kilichomuua uzazi, lakini ningeanza hapo.

#16 Bibi wa Chumbageni

Daktari nakuheshimu, ila hilo linanigomea. Jogoo wangu anakula chakula hichohicho, sahani moja na wake zake, huu mwaka wa tatu. Vifaranga navigawa kwa majirani. Kalisi inachagua jogoo wa Pongwe tu?

#17 Daktari wa Muheza

Bibi, na wavuta sigara wote hawapati saratani. Lakini nakubali, jogoo wako ni hoja.

#18 Kideri Noma

Mnasahau chanjo. Vijiwe hivyohivyo, Marekani walivihusisha na chanjo hai ya bronkaitisi ya kuku. Majogoo waliochanjwa wakakutwa navyo zaidi. Na kirusi chenyewe cha bronkaitisi kinaweza kushambulia viungo vya uzazi, kwa majike kinaharibu mirija ya mayai, mayai yanatoka na maganda laini yaliyokunjamana. Kwa hiyo kabla ya kulaumu konokono wa watu, uliza: kuku wako walikohoa? Walichanjwa nini?

#19 Jimbi la Pongwe

Nachanja kideri tu, matone ya macho. Bronkaitisi sijawahi. Kukohoa walikohoa masika iliyopita, tukasema mafua, nikawapa maji ya mwarobaini.

#20 Kideri Noma

Walikohoa. Mimi nimemaliza.

#21 Daktari wa Muheza

Hujamaliza mkuu. Kuku wanakohoa kwa magonjwa mengi, kikohozi peke yake hakikupi jina la kirusi. Na hapa kwetu vijijini nani anachanja bronkaitisi? Kama chanjo ndiyo chanzo, majogoo ya kienyeji yasingekuwa na vijiwe. Kuna anayejua kama hayana? Hakuna aliyeyapasua akaweka kwenye hadubini. Tunachinja kila sikukuu, tunakula, basi.

#22 Mzee wa Raskazone

Mimi nawauliza swali dogo. Huyo jogoo undu wake wa kichwani ulikuwaje? Mwekundu umesimama, au umepauka umelala? Sisi wazee jogoo tulimsoma kichwani, hatukumpasua.

#23 Jimbi la Pongwe

Mwekundu, mzee. Umesimama wima. Kuwika kwake mtaa mzima walilalamika.

#24 Hadubini Moro

Mzee ameuliza swali la kisayansi kabisa. Mwaka 1849, Arnold Berthold kule Göttingen, Ujerumani, alichukua majogoo sita wachanga. Waliohasiwa moja kwa moja wakawa wapole, undu haukukua, hawakuwika ipasavyo. Wale ambao kende zilirudishwa tumboni, hata mahali pasipo pake, wakakua majogoo kamili wenye undu mwekundu. Kende hizo hazikuwa na mishipa ya fahamu tena, ikaonekana kuna kitu kinasafiri kwenye damu. Majaribio hayo ndiyo watu wanayoyataja wakieleza mwanzo wa elimu ya homoni.

Kwa hiyo undu mwekundu wa jogoo wa Jimbi unatuambia seli za Leydig zilikuwa zinafanya kazi. Unatuambia kwa nini alipanda na kuwika. Hautuambii chochote kuhusu vijirija. Njia inaweza kuziba kabisa, homoni ikaendelea kuingia kwenye damu kama kawaida. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika: wanampima jogoo kwa ujogoo wake.

#25 Mtoto wa Makorora

"Wanampima jogoo kwa ujogoo wake." Kuna shemeji yangu mmoja nampelekea hii sasa hivi.

#26 Mnazi Mrefu

Makorora tulia, watu wanasoma 😂

#27 Njiwa Manga

Nimepita uzi wote, hakuna aliyesema kuhusu majike. Jogoo hana uume wa kuingiza. Anagusanisha kloaka na kloaka sekunde chache, basi. Kama manyoya ya nyuma ni mengi, au jogoo mzito kama kuchi anayumba juu ya tetea mdogo, kinachomwagika nje ni kingi. Mimi kwa njiwa wenye manyoya marefu nayapunguza kwa mkasi kuzunguka tundu, dume na jike, na natofautisha mara moja.

Na jike naye si ndoo. Watafiti walionyesha mwaka 2000 kwamba kuku jike waliorudi kuishi porini hutoa nje manii ya jogoo mnyonge akishawapanda kwa nguvu. Jimbi, ulikuwa na majogoo wawili. Mdogo alikuwa anaiba?

#28 Jimbi la Pongwe

Alikuwa anaiba sana. Mkubwa akimwona anamfukuza mpaka kwenye mihogo ya jirani. Sasa amebaki peke yake, anatamba.

#29 Fundi Mashine

Ndiyo nataka kusema hivi kabla Jimbi hajaniletea mayai mapya akatangaza kesi imekwisha. Kuku jike ana vijirija vya kuhifadhi mbegu pale uke unapokutana na mji wa yai. Zinakaa humo wiki mbili mpaka tatu zikiwa hai, zinatoka kidogo kidogo. Kwa hiyo yai la leo linaweza kuwa la marehemu. Tenga majike kwanza, wiki tatu bila jogoo yeyote, ndipo umwingize mdogo.

#30 Jimbi la Pongwe

Wiki tatu bila jogoo na mwezi wa Ramadhani unakaribia, vifaranga nitauza lini? Lakini nimeelewa.

#31 Bata wa Tongoni

Naomba kuuliza nje kidogo. Bata dume mbona ana uume unaoonekana kabisa? Mimi nimeuona, umejizungusha kama kizibuo. Kuku alinyimwa kwa nini?

#32 Hadubini Moro

Umeona sahihi. Bata wa kienyeji tunaofuga pwani dume wake anautoa kwa muda wa theluthi ya sekunde hivi, na urefu unaweza kufika sentimita 20. Haujai damu, unajaa limfu. Njia ya jike nayo imejipinda, upande wa kinyume, na ina vijifuko vilivyoziba mwisho wake. Patricia Brennan na wenzake walieleza hayo mwaka 2007.

Kuku hakunyimwa tangu mwanzo. Kifaranga akiwa ndani ya yai chipukizi la uume linaanza kukua, halafu seli zake za nchani zinakufa kwa amri ya jeni iitwayo Bmp4. Hilo liligunduliwa mwaka 2013. Kwa nini ndege wengi wamekwenda njia hiyo, hapo kila mtu ana lake. Wapo wanaosema majike walipendelea madume wasioweza kulazimisha.

#33 Bata wa Tongoni

Sasa bata mwenye uume huo, njia yake ya ndani ikoje? Vijirija ni vilevile?

#34 Hadubini Moro

Mpangilio ni uleule: reti, vijirija vya kutolea, epididimisi, mrija wa manii. Tofauti ni unene wa kuta na uwiano wa seli. Mwenye tofauti kubwa ni ndege wadogo. Mkisimama chini ya minazi wakati wa mvua mkaona wale mnana wa manjano wanavyosuka viota, jueni dume kende zake zimevimba mara mia kadhaa kuliko msimu wa kupumzika. Na mwisho wa mrija wake umejiviringisha fundo kubwa linalotokeza nje karibu na tundu, ukimshika mkononi na kumpulizia manyoya unaliona. Shomoro naye analo. Mbegu zinasubiri ndani ya fundo hilo, ambako joto ni pungufu ya joto la mwili kwa nyuzi chache. Mbegu zao zina umbo la parafujo. Za jogoo zimenyooka, ndefu nyembamba.

#35 Mzee wa Raskazone

Narudia kwa sauti ili na wa nyuma wasikie: "JOTO NI PUNGUFU". Kumbe ndege nao wanatafuta pa kupoozea mbegu. Nilisema nini #4?

#36 Hadubini Moro

Mzee 😂 Ulisema za kutengenezwa, mimi nasema za kuhifadhiwa. Na jogoo hana fundo hilo.

#37 Mzee wa Raskazone

Ndiyo maana zake zinaharibika kaskazi. Hana pa kuzipoozea. Umenimalizia mwenyewe, mjukuu wangu.

#38 Daktari wa Muheza

Hapo mzee amekubana, Hadubini. Si hoja ya kupuuza.

#39 Mnazi Mrefu

Hao mnana wanajuaje wakati wa kuvimba? Ulaya nasikia ni urefu wa mchana. Sisi Tanga mchana ni uleule mwaka mzima.

#40 Daktari wa Muheza

Karibu uleule. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwetu ni nusu saa na kidogo. Huko kaskazini mwanga unapenya fuvu na kuamsha sehemu za ndani za ubongo, Mfaransa Jacques Benoit alilionyesha kwa bata miaka ya 1930. Huku kwetu mvua, majani mabichi ya kusukia na wadudu wa kulisha makinda vina sauti kubwa zaidi. Kuku wa kufugwa tumewazoesha kuzaa mwaka mzima, ingawa wafugaji wa mayai wanaowasha taa usiku wanatumia mlango huohuo wa mwanga.

#41 Jimbi la Pongwe

Naleta matokeo. Nimevunja mayai ya leo na jana kwenye sahani, nikafuata maelezo ya #3. Machache yana pete safi kabisa. Mengine doa dogo zito. Na yapo ambayo kwa kweli siwezi kuapa, duara lipo ila limekaa vibaya.

#42 Fundi Mashine

Ambayo huwezi kuapa ndiyo yanayonitia wasiwasi. Inawezekana yametungishwa yakafa mapema. Hapo tunarudi kwenye kikapu cha jikoni.

#43 Njiwa Manga

Au mbegu zilifika chache. Au zenye pete ni za jogoo mdogo.

#44 Kideri Noma

Au jike wachache ndio wazima na wengine mirija yao iliharibika walipokohoa. Maganda yakoje, laini au magumu?

#45 Jimbi la Pongwe

Wawili maganda yana mikunjo mikunjo. Nilidhani ni uzee.

#46 Kideri Noma

🤐

#47 Bibi wa Chumbageni

Kuku mzee anaweza kutaga ganda la hivyo bila kirusi. Msimtishe mtu akauza kundi zima. Mimi bado nasema majike ni wengi mno, na hajanijibu idadi.

#48 Hadubini Moro

Jimbi, ukimchinja mwingine yeyote, jogoo au hata yule wa jirani wa sikukuu, nifanyie hivi. Chukua sampuli palepale, kabla ya maji ya moto na kabla ya jua. Mwili wa ndege una joto, vijirija vinaanza kuoza mapema, silia zinadondoka na ukija kutazama unadhani ni ugonjwa. Usitoe kende peke yake. Kata kende pamoja na kile kipande cha ubavuni upande wa mgongoni, na sehemu ya mrija. Usibonyeze kwa vidole. Vipande visizidi unene wa nusu sentimita. Tia kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake angalau mara kumi ya nyama. Chupa ya mdomo mpana, funga vizuri, andika kwa penseli kushoto na kulia.

Mimi nitaipitisha kwenye nta, nikate mikroni 5, nipake rangi za hematoksilini na eosini. Viini vya seli vinakuwa zambarau, vilivyobaki waridi. Kalisi nayo hushika zambarau nzito, kama vijiwe vipo vitajionyesha.

#49 Daktari wa Muheza

Formalini ina sumu kwa macho na pumzi, Jimbi. Usiihifadhi jikoni karibu na kile kikapu. Njoo na mnyama, au nenda pale chuo cha mifugo Buhuri uulize, watakuelekeza. Na sampuli ya jogoo mzima mwenye vifaranga tuwe nayo pia, la sivyo hatuna cha kulinganisha. Bibi, tunaomba jogoo wako.

#50 Bibi wa Chumbageni

Jogoo wangu hachinjwi kwa ajili ya hadubini ya mtu.

#51 Mtoto wa Makorora

Bibi toa mchango kwa taifa!

#52 Bibi wa Chumbageni

Toa wako.

#53 Daktari wa Muheza

Basi kuna njia isiyomwaga damu. Jogoo anaweza kukamuliwa manii kwa kusugua mgongo kuelekea mkiani na kubana kidogo pembeni ya tundu. Tone moja kwenye kioo chini ya hadubini linaonyesha kama mbegu zipo na zinakwenda. Kama za jogoo wa bibi zimejaa na kwa jogoo mdogo wa Jimbi hakuna, tutakuwa tumepata pa kuanzia. Halitatuambia zimezuiwa wapi.

#54 Bibi wa Chumbageni

Kukamuliwa sawa. Njoo Jumamosi asubuhi, kabla hajaanza shughuli zake.

#55 Jimbi la Pongwe

Majike nimewatenga leo. @Bibi ni kumi na saba.

#56 Bibi wa Chumbageni

Kumi na saba!! Na mlitaka kunichinjia jogoo.

#57 Kanga Mweusi

Samahani nimechelewa kuingia. Kwa kanga dume mnamjuaje kwanza kabla ya kufika huko kwenye vijirija? Mimi nina wanne Maweni, wote wanataga au wote hawatagi, sielewi.